Mawe ya Dokta, Maziwa ya Skola

Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Wengine mmesikia nilikwenda kuchimba vito Mahenge, wengine mmesikia nimemkimbia mume, na Leonsia ameambiwa nilisombwa na maji nikaokotwa Lupiro. Hakuna hata moja. Nilikwenda kupika na kupampu maji kwa mtu anayetoboa mawe, nikaambiwa kesho kutwa nitakuwa nimerudi, na mtoto wangu wa miezi minane nikamwacha nyumbani. Someni hii, mkimaliza msinipigie.

Katindiuka mpaka darajani

Dokta Salome alinipata kupitia dada wa nyumba ya wageni alikofikia pale Ifakara. Alitaka mwanamke wa kumpikia porini, anayejua kusoma namba na asiyelalamika kutembea. Kusoma namba najua. Nimemaliza kidato cha nne, na tangu siku hiyo kazi yangu ni mpunga na kuonewa huruma. Nikasema naenda. Mume wangu yuko Mlimba kwenye mbao. Nilipompigia akasema kama mama amekubali na yeye amekubali. Mnamjua.

Mama mkwe alikubali kwa mdomo. Mwanangu Skola alikuwa tayari mgongoni kwake, kama vile mimi nimeshaondoka zamani.

"Dokta huyu anatibu nini?"

"Hatibu, Mama. Anasoma mawe."

"Mawe yanasomwa?"

"Anataka kujua nchi kavu zilikaaje zamani kabla hazijaachana, na bahari iliingiaje katikati."

"Na hilo nalo limekosa mtu mpaka limchukue mama anayenyonyesha."

Kabla sijapanda gari alinivuta mkono hadi nyuma ya jiko. Sasa hapa ndipo penye habari yote, kwa hiyo msiruke. Kwa mama mkwe wangu, mwanamke akisafiri akakaa huko bila kunyonyesha, maziwa yake yamelala. Maziwa yaliyolala hayapewi mtoto. Yanamharisha, yanamkausha, anakufa. Mama akirudi anakuta mtoto ameshaachishwa, na hakuna mjadala. Nesi wa kliniki alishatuambia maziwa hayaozi kifuani, yanapungua tu usipoyatoa. Nilimwambia mama mkwe hivyo hivyo.

"Nesi wako amezaa wangapi?" aliuliza. "Kesho kutwa jua likizama hujafika, usije na titi hilo kwa mjukuu wangu. Nakwambia mapema ili tusije tukagombana."

Skola alikuwa ananyonya kama mtu anayelipwa. Uji alikuwa anautema. Miezi minane. Nikapanda gari nikiwa na hasira hadi meno yananiuma, na Dokta akanigeukia akatabasamu akasema, "Usijali, mama. Kesho kutwa mapema tu tumerudi."

Tulikuwa watatu: Dokta mbele, dereva wake Mbaruku, na mimi nyuma na masufuria, magunia na mashine ya kutobolea. Penye daraja kubwa Mbaruku alipunguza mwendo akaangalia chini. Maji yalikuwa yamejaa, ya udongo, yanapeleka vichaka vizima.

"Masika bado," Dokta akasema.

"Wewe umeyapangia, Dokta. Yenyewe hujayauliza," Mbaruku akasema.

Lupiro mpaka Mahenge

Lupiro tairi lilipasuka. Lile la akiba nalo halikuwa na upepo, ikabidi Mbaruku aombe lifti kwenye pikipiki aende kulijaza. Tulikaa kwa mama ntilie, wali na kambale wa kukaanga, mzuri kweli, lakini mimi nilikuwa nahesabu tu jua linavyosogea. Kifua kilikuwa kimeshaanza kuvuta. Nikaomba kikombe, nikaenda kwenye migomba nyuma ya banda, nikajikamua. Kikombe kilijaa. Nilikishika nikakitazama, hapa nikimwaga namwaga chakula cha mtu. Nikamwaga kwenye shina la mgomba. Niliporudi Dokta akaniuliza kama tumbo linaniuma. Nikasema hapana, akaendelea kula.

Mwanamke msomi namna ile, na hakuuliza nina mtoto wa umri gani. Aliuliza kama najua kusoma namba.

Tulifika Mahenge na baridi yake. Usiku ule nikapiga simu nyumbani.

"Amelala," mama mkwe akasema.

"Amelia?"

"Mtoto asilie ni wa mbao? Amelia, nimempa uji. Mwanzo alitema, baadaye akameza."

"Ameumeza?"

"Wote. Kumbe njaa tu ilikuwa inamdekeza."

Nilikata simu nikakaa kitandani. Watu watafikiri nilifurahi kwamba mwanangu amekula. Sikufurahi. Mtoto akishajua uji, bibi yake anashinda, basi. Nikatega simu iniamshe katikati ya usiku, nikaamka nikajikamua kwenye beseni la kunawia uso. Kila nilipoamka nilifanya hivyo. Niliapa hayatakauka.

Asubuhi nilipika chai na chapati. Dokta alikuwa mchangamfu, akachukua chapati moja nzima akaiweka katikati ya meza.

"Hii ndiyo nchi kavu ya zamani," akasema. "Yote pamoja. Huku Afrika, hapa pembeni Bukini, kile kisiwa kikubwa, hapa India, kule chini barafu tupu. Hakuna Bahari ya Hindi. Kutoka hapa Mahenge ungetembea kwa miguu mpaka Bukini usiguse maji."

"Na barabara ilikuwa nzuri kuliko hii?" Mbaruku akauliza.

Dokta akashika chapati pande mbili akavuta polepole. Angalieni, akasema. Haikatiki mara moja. Kwanza inavutika, inakuwa nyembamba, inabonyea. Pale ilipobonyea ndipo mito inajaa mchanga na matope, na matope yanageuka mawe. Halafu inachanika. Lakini si kila mahali palipobonyea panachanika. Pengine mpasuko unaanza hapa, unachoka, unahamia pale. Bonde lenu la Kilombero ni moja ya mahali hapo. Palivutwa, pakabonyea, halafu bahari ikaenda kufunguka mbali kule mashariki. Baadaye tena pakavutwa upya, ndiyo maana milima imesimama wima vile upande mmoja.

"Kwa hiyo sisi tunalima mpunga kwenye bahari iliyoghairi," nikasema.

Dokta alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Ndiyo. Hasa."

"Dokta, hiyo India kama huitumii niletee," Mbaruku akasema, akaila na chai.

Nitasema kweli, pale nilisahau kifua kwa muda. Niliwaza udongo wa kwetu Katindiuka, ule mweusi unaogandia miguuni, kwamba upo kwa sababu mahali palitaka kuachana pakashindwa. Halafu blauzi ikalowa, nikakumbuka.

Kuteremka kwenye mawe

Kutoka Mahenge tulishuka upande wa pili, njia mbovu, hadi kwenye kijito chenye kuta za mawe yaliyopangana kama vitabu. Kabla hatujashusha kitu, walikuja wanaume saba au wanane na mwenyekiti wa kitongoji. Shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi.

"Mna kibali cha wilaya tumekiona," mwenyekiti akasema. "Lakini kila anayekuja hapa na nyundo husema anasoma."

Mnajua Mahenge na vito. Mtu akiokota jiwe jekundu huko, kesho amenunua pikipiki, kwa hiyo hakuna anayeamini kwamba mtu mzima ametoka chuoni kufuata jiwe la kijivu. Dokta akaeleza habari ya nchi kavu na bahari. Wakasikiliza kwa adabu. Kijana mmoja akauliza, "Sasa hiyo bahari ikishapatikana, itauzwa wapi?" Wakacheka wote. Mwishowe mwenyekiti akasema watakaa pale waone kinachotoka. Wakakaa.

Kilichotoka ni hiki. Mashine ina injini kama ya msumeno wa miti, na mbele ina bomba la chuma lenye meno. Dokta anaisukumia kwenye mwamba, mimi nampampia maji kwa lile bomba la kupulizia dawa shambani ili meno yasiungue. Tope linatuosha uso. Anapotoa bomba, ndani ya tundu kumebaki kipande kirefu cha mviringo ambacho bado kimeshika mwambani kwa nyuma. Tuliviita magunzi, maana ni saizi ile ile. Kabla ya kulivunja gunzi, Dokta anaingiza kifaa cha shaba tunduni, anasoma limelalaje na limeelekea wapi, anachora mshale juu yake. Mimi naandika namba kwenye mfuko. Ndipo analivunja.

Mshale ndio kila kitu. Alinieleza hivi: matope yale yalipokuwa yanatulia, punje ndogo ndogo za chuma ndani yake ziligeuka zikaelekea kaskazini kama sindano za dira, halafu jiwe likaganda nazo. Jiwe linakumbuka. Ukijua lilivyolala mwambani, maabara watakuambia siku ile hapa palikuwa wapi duniani. Palikuwa kusini kabisa, kwenye baridi. Halafu unalinganisha na mawe ya Bukini, unajua nani alikaa ubavuni kwa nani, na nani alianza kuondoka. Bila mshale, alisema, ni jiwe la kuzuia mlango.

Wale wanaume walipoona gunzi la kwanza, mwenyekiti aliligeuza mkononi, akalirudisha. "Mwacheni mama wa watu," akasema. "Haya hata kujengea choo hayafai." Wakaondoka.

Siku ile tulifanya kazi vizuri. Kesho yake, ambayo ndiyo ilikuwa kesho kutwa yangu, hakukuwa na jua. Nikafunga vyombo asubuhi, nikaviweka kwenye gari. Dokta akaja akasema tunangoja.

"Tunangoja nini?"

"Jua. Mawe ya pale juu yana chuma kingi, yanaidanganya dira. Lazima nisome mwelekeo kwa kivuli."

"Ulisema leo tunarudi."

"Nilisema nilivyofikiri."

"Nina mtoto ananyonya, Dokta."

Akashtuka kidogo. "Ana miezi mingapi?"

"Minane."

"Si anakula uji?"

Nilimwacha nikaenda kukaa kwenye jiwe. Kama ningefungua mdomo ningemwambia kitu ambacho Mbaruku angekisimulia mpaka leo. Mtandao hakuna. Nilipanda kilima nikashika simu juu kama mtu anayeomba mvua, hakuna. Wingu lilikaa siku nzima. Jua lilizama nyuma ya wingu hilo hilo hata sikuliona, nikajua tu kwa giza kwamba Katindiuka mama mkwe amesimama mlangoni, ametazama njia, ameingia ndani. Nikajikamua kwenye majani. Yalikuwa yamepungua. Nesi alisema yatapungua, lakini mtu ukiwa gizani na kikombe chako, nesi anakuwa mbali, maneno ya mama mkwe yanakuwa karibu. Nilinusa maziwa yangu mwenyewe. Nilinusa tena.

Asubuhi iliyofuata jua likatoka kali, Dokta akatoboa mpaka mchana, akamaliza. Alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa nimemwachia Mbaruku pampu, nimekaa garini tangu saa nne.

Kurudi uwandani

Mvua ilitukuta tukiteremka Mahenge. Haikuwa ya kuchezea. Mbaruku aliendesha kichwa nje ya dirisha. Tulipofika bondeni, mbele kidogo ya Lupiro, tukakutana na baiskeli zinarudi, moja baada ya nyingine, watu wamelowa.

"Msiende," mmoja akatuambia. "Tuta limekatika. Maji yamepita na barabara."

"Pikipiki zinapita?"

"Dada, hata bata anafikiria kwanza."

Kutoka pale unaona ng'ambo. Ndiyo kilichoniuma. Unaona giza la miti ya upande wa daraja, na baada ya daraja ni Ifakara, na baada ya Ifakara ni mwanangu. Mtandao ulishika kidogo nikapiga. Mama mkwe akasema neno moja tu kabla haujakatika: "Nimeshatwanga mwarobaini."

Mwarobaini ni wa kupaka kwenye titi. Mtoto akionja uchungu anaachia, harudi tena. Maana yake ni kwamba hata nikifika, nitapakwa.

Kule uwandani kuna miji ya Wasukuma, yaani maboma ya familia, ng'ombe wengi, nyumba za mbali mbali. Mbaruku akaingiza gari kwenye mji wa kwanza wenye taa. Mama mwenye mji akatoka na koti la mvua la mumewe, akatuangalia tulivyo. Mumewe alikuwa ameswaga ng'ombe kwenda kwenye mwinuko.

"Ingieni, mtakufa," akasema. Hakuuliza majina mpaka tulipokuwa tumeshakaa motoni. Yeye ni Mama Masanja.

Kwa Mama Masanja

Alitupa ugali, mlenda na maziwa mgando, na bado nikitazama maziwa natamani kulia. Aliniona. Wanawake wengine huwa hawahitaji kuambiwa. Alinivuta chumbani, akanigusa kifua juu ya nguo kwa mgongo wa mkono, kama anavyogusa kiwele.

"Limekaza hili. Wa miezi mingapi?"

"Minane. Mama mkwe anasema yamelala."

"Yamelala wapi? Ng'ombe akipotea porini tukimpata, tunamkamua ya kwanza tunamwaga, ya pili ndama ananyonya. Ndama hafi. Anayeharibika ni ng'ombe ukimwacha bila kumkamua." Akaleta kitambaa cha maji ya moto na kibuyu. "Toa. Mpaka liwe laini."

Tulikaa pale wawili, yeye ananyonyesha mwanae, mimi namwaga maziwa ya wangu kwenye kibuyu, tunaongea kama tunajuana. Akaniambia kabla ya kuja uwandani aliishi karibu na machimbo ya vito, akiosha mawe ya matajiri. Alikuwa fundi, alisema. Jiwe likitoka mkononi kwake mnunuzi analiona mpaka roho yake. Nikamsikiliza nusu. Ningesikiliza nzima, mambo yangekuwa mengine.

Alfajiri nilisikia beseni. Nikafikiri ni vyombo.

Kulipopambazuka Dokta alitoka nje, nami nikamfuata. Mama Masanja alikuwa amechuchumaa uani na majivu na dodoki. Kwenye turubai alikuwa amepanga magunzi yote, masafi, yanang'aa, ya kijivu huku, ya njano huku, yenye wekundu peke yake. Mifuko yenye namba zangu imekunjwa vizuri pembeni na jiwe juu isipeperuke.

"Nimewaoshea," akasema. "Yalikuwa na matope na wino wa ovyo ovyo. Nimeyapanga kwa rangi. Haya mekundu mtayauza, haya mengine sijui."

Mbaruku alijifunika uso kwa kofia. Dokta aliokota gunzi moja, akalizungusha, akaokota lingine. Hapakuwa na mshale hata mmoja.

"Mama," akasema polepole, "umetumia nini?"

"Majivu. Na mchanga kidogo pale wino ulipokataa."

Nilingoja Dokta apige kelele. Mimi ningepiga. Yeye alikaa chini kwenye tope, palepale. Baadaye akasema, kama anaongea na turubai, "Yanarudi. Kila moja lina mahali lilipovunjikia. Tundu lina meno yake na gunzi lina meno yake. Nikilirudisha kwenye tundu lake litakaa, nachora upya." Akanyanyua macho kwangu. "Lakini ni lazima turudi kule juu. Leo, kabla mito haijafunga. Nahitaji mtu wa kunishikia."

"Mimi naenda nyumbani."

"Njia imekatika, utakufa maji. Siku mbili tu, mama. Haya mawe ni kazi ya miaka yangu mitatu."

"Na mimi mtoto wangu ni kazi ya miezi kumi na saba, ukihesabu na tumbo. Ulisema kesho kutwa. Ulinitoa nyumbani kwa neno hilo. Hukuniuliza nina nani. Sasa nenda ukayarudishe mawe yako kwa mama zao, mimi naenda kwa wangu."

Nilisema kwa sauti, watoto wa mji wakatoka nje. Dokta akasema, "Ni kweli, sikukuuliza." Sikutaka ukweli wake wakati ule. Nilitaka gari.

Mama Masanja alikuwa amesimama na dodoki linachuruzika. "Mimi ndiye niliyeyaosha," akasema. "Nitapanda mimi." Dokta akasema kuna kutembea sana. "Nimetoka Shinyanga na ng'ombe kwa miguu," akasema Mama Masanja, akamfunga mwanae mgongoni.

Na walikwenda. Dokta alinipigia baadaye kunielezea: yule mama alikaa juu ya mwamba akijaribu gunzi moja moja kwenye tundu, akilizungusha mpaka linakaa lenyewe na kutoa mlio, tk. Mengi yalipata kwao. Mengine hayakupata, yakatupwa kijitoni. Kwa yaliyopata, alisema, Bukini itarudishwa mahali pake. Nilimwambia hongera. Nilimaanisha, mnisadiki.

Penye tuta lililokatika

Mbaruku alinipeleka mpaka maji yalipomzuia kabla hawajageuka kupanda. "Dada, ukifa nitamwambia nini mumeo?" akauliza. Nikamwambia amwambie amuulize mama yake.

Penye tuta kulikuwa na watu kama sokoni. Maji yalikuwa yamekata barabara, yanapita kwa kishindo, mapana kama uwanja wa mpira. Vijana walikuwa wamefunga kamba toka mti hadi nguzo ya ng'ambo, wanavusha watu mgongoni. Mama mmoja na kuku wake alivushwa akiwa amefumba macho anasali rozari kwa sauti. Katikati kamba ilizama, yule kijana akapotea hadi kidevu, kisha akainuka. Kuku mmoja hakuinuka.

Nikaangalia yale maji. Nikajiuliza kama ni akili. Nikifia pale Skola ananyonya nini, na ndipo bibi yake atakuwa amesema kweli siku zote. Halafu kijana mrefu akageuka akanipa mgongo, nikaupanda.

"Shika shingo, usinikabe," akasema. "Usiangalie chini. Angalia yule jamaa wa shati la njano kule."

Tukaingia. Maji yalimpata magotini, kiunoni, kifuani. Yananivuta miguu kama mtu anayenidai. Kifua changu kilikuwa kimebanwa mgongoni kwake, na kwa kule kubanwa yakaanza kutoka, siwezi kuyazuia.

"Dada, unanimwagia nini shingoni?"

"Maji."

"Maji ya moto?"

Akapiga hatua mbili, akacheka, akaacha kucheka.

"Una mtoto mdogo."

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Katindiuka."

Kuanzia hapo alipapasa kila mahali kwa mguu kabla ya kukanyaga, akasimama kila wimbi lilipokuja, na alipofika ng'ambo hakunitupa kama gunia la mpunga, alichuchumaa nikashuka. Nikapata pikipiki mpaka daraja, nyingine mpaka Ifakara. Mwenye pikipiki ya pili aliniuliza mbona nalowesha koti lake. Nikamwambia aendeshe.

Katindiuka

Skola alikuwa kwenye mkeka uani. Alinitazama. Alikuwa amekonda shingo. Nikamnyooshea mikono, akanitazama tena, akageuka akatambaa kwa bibi yake akashika kanga. Sitaeleza hapo.

"Umefika," mama mkwe akasema. Kando yake palikuwa na kibakuli cha mwarobaini uliotwangwa, mbichi, unanuka uchungu hadi nilipo. "Oga, ule. Halafu nikupake, tumalize."

"Sipakwi."

"Maziwa hayo yamelala siku zote hizo. Mimi nilizika mtoto, wewe hujazika."

Hilo hakuwahi kuniambia. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mtu mwingine kabisa. Nilisimama pale na tope mpaka kiunoni, hasira imekosa pa kwenda.

Nikachukua kikombe cha bati kwenye kichanja. Nikakaa mbele yake, nikafungua blauzi, nikajikamua pale pale uani mchana kweupe. Yalikuja. Si mengi kama ya Lupiro, lakini yalikuja meupe, yana povu. Nikayanywa yote, nikageuza kikombe akione.

"Umekunywa chakula cha mwanao," akasema.

"Nakaa hapa. Nikiharisha, unipake."

Tulikaa. Jua likasogea kwenye ukuta wa jiko. Jirani alikuja kuazima chungio akatuona, akarudi bila chungio. Skola akaanza kulia kwa njaa, bibi yake akamletea uji, akautema. Kwa kile kilio blauzi yangu ikalowa yenyewe, pande mbili, bila kuguswa. Mama mkwe aliona. Akachukua kile kikombe, akaninyooshea bila kunitazama. Nikakamua kidogo. Akanusa. Akaonja kwa ncha ya ulimi, kama anavyoonja mchuzi wa mtu asiyemwamini.

"Yana ladha ya mlenda," akasema.

"Nilikula mlenda."

Halafu akamtoa Skola kwenye kanga, akaniwekea mapajani. Mtoto alinisukuma kwa mkono, akanusa shingo yangu, akanusa tena chini, akafungua mdomo. Alilishika vibaya, likamponyoka, akalishika tena.

"Mshike kichwa vizuri," mama mkwe akasema. "Safari imekusahaulisha hata kushika mtoto."

Nikamshika vizuri. Skola alimaliza la kushoto, nikamhamishia la kulia, na mama mkwe akainuka na kibakuli chake akaenda kukimwaga nyuma ya jiko.